Mwongozo kamili: namna ya kumfundisha Mchina kutumia neno "manager" kwenye Kiingereza

Kama unafundisha Wachina Kiingereza, iwe ni kwenye saiti za ujenzi huku kwetu au kwa mtandao mwanafunzi akiwa Guangzhou, hili utakuwa umeshakutana nalo. Umemuuliza "manager" ni nini, amekujibu haraka kwamba ni jīnglǐ, mmesonga mbele, afu kesho yake anakutumia imeli aliyoandika: "Dear Manager Wang, I am sale manager, my leader told me to contact you." Unabaki unajiuliza jana mlisoma nini.

Walimu wengi wa kwetu wakifika hapo wanaeleza maana upya, mara ya pili, mara ya tatu. Lakini maana mwanafunzi anayo tangu zamani! Kinachomshinda ni matumizi: neno linakaa wapi kwenye sentensi, linatanguliwa na nini, na wapi haliruhusiwi kabisa.

Kuna sababu sisi Waswahili tunapitwa na makosa haya. Kwenye jambo hili Kiswahili na Kichina vinafanana sana. Sisi tunasema "Shikamoo Mwalimu", "Meneja, una mgeni wako hapa", "Daktari, naomba kuuliza", cheo kinachukua nafasi ya jina na ndo heshima yenyewe. Mchina naye akisema Wáng jīnglǐ, yaani jina la ukoo kisha cheo, ameonyesha adabu. Afu Kiswahili hakina "a" wala "the", Kichina nacho hakina, kwahiyo mtu akisema "I am manager" masikioni kwetu inapita vizuri tu. Mwalimu aliyezaliwa Uingereza anaisikia papo hapo, wewe inabidi uitafute kwa makusudi. Ndo maana nasisitiza ufuate hatua zote, usiruke hata moja eti kwa sababu unaona mwanafunzi wako anaongea vizuri.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kipindi

- Kadi za biashara tano au sita, za kweli, zenye Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwambie mwanafunzi aje nazo, kazini kwake zipo. Zina namba za watu, kwahiyo zikitumika zirudi kwake, usizipige picha ukazisambaza.
- Chati ya vyeo vya kampuni yake. Hata akiichora kwa mkono na kalamu inatosha.
- Imeli mbili tatu alizoziandika mwenyewe kwa Kiingereza, majina ya wateja yakiwa yamefutwa.
- Vikadi vitupu vya karatasi ngumu vya rangi mbili, tuseme njano na kijani.
- Simu ya kurekodi sauti.

Kama mwanafunzi yuko China, usipange somo kwenye Google Docs wala Google Meet, kule hazifunguki bila njia za kuzunguka na utapoteza nusu ya kipindi kuhangaika. Tumia WeChat au Tencent Meeting. Na kumbuka wao wako mbele yetu masaa matano nchi nzima, kwahiyo somo la saa nane mchana wa Dar au Nairobi kwake ni saa moja jioni, muda mzuri, ila la saa mbili usiku kwake ni saa saba usiku, hapo usitegemee kichwa kifanye kazi.

Panga vipindi viwili vya saa moja na nusu, kisha ufuatiliaji wiki inayofuata.

## Hatua ya 1: Pima kwanza, usifundishe kitu

Mpe kazi tatu. Ajitambulishe na kazi yake kwa dakika moja. Amtambulishe bosi wake kwa mgeni. Aandike imeli ya mistari mitatu kwa meneja wa kampuni nyingine. Rekodi yale mawili ya mdomo, tunza ya tatu. Usisahihishe chochote, hata uso usikunje.

Sababu ni kwamba makosa ya neno hili yako kama matano na si kila mtu anayo yote. Unayatafuta haya:

1. "Manager Wang" kama namna ya kumuita mtu.
2. "I am manager", bila kitu mbele.
3. "My leader" badala ya "my manager".
4. "Vice manager" au "manager assistant".
5. "Manger", herufi moja imepotea.

Tahadhari: kama unafundisha kundi na ndani yake kuna bosi na vijana wake, bosi mpime peke yake. Wachina wana jambo wanaliita miànzi, heshima ya mtu mbele ya watu, na ukimsahihisha mkubwa mbele ya walio chini yake unaweza usimuone tena darasani, na atakuaga kwa tabasamu zuri tu.

Umefanikiwa kama mwisho wa hatua hii una karatasi yenye makosa yake kwa maneno yake mwenyewe. Itunze, utaihitaji mwishoni.

## Hatua ya 2: Tenganisha neno la kuitia mtu na neno la kutajia kazi

Hapa ndo penye uzito, kaa hapa hata kama kipindi kizima cha kwanza kitaisha.

Chukua vikadi. Vya njano ni maneno ambayo Kiingereza kinaruhusu kumuitia mtu pamoja na jina la ukoo: Mr, Ms, Dr, Professor, Captain. Vya kijani ni maneno yanayotaja kazi tu: manager, engineer, accountant, director, supervisor, teacher. Vichanganye, mwache mwanafunzi avipange mwenyewe. Karibu kila Mchina ataweka "manager" na "teacher" upande wa njano, kwa sababu kwao Wáng jīnglǐ na Wáng lǎoshī ni kitu cha kila siku. Mwache amalize, ndipo uvihamishe kimoja kimoja huku unamwambia kanuni: kwenye Kiingereza cha kawaida "manager" inajibu swali "anafanya kazi gani", haijibu swali "nimuiteje".

Sasa leta imeli yake mwenyewe mezani mrekebishe pamoja. Aliandika:

"Dear Manager Wang, …"

Inakuwa:

"Dear Ms Wang, …" kama ni mwanamke, "Dear Mr Wang, …" kama ni mwanaume.

Kama hajui ni mwanamke au mwanaume, aandike jina zima: "Dear Wang Fang". Hapo mkumbushe kwamba Wachina wanaanza na jina la ukoo, kwahiyo Wang Fang ni Ms Wang, si Ms Fang. Yeye hilo analijua, ila akiona kadi ambazo Kiingereza chake kimegeuza majina anachanganyikiwa kama sisi tu.

Cheo kinaenda wapi basi? Kinaenda chini, kwenye sahihi ya imeli, mstari wa pili baada ya jina. Au ndani ya sentensi: "Ms Wang, our project manager, will join the meeting." Mwandikishe zote mbili.

Kuna mahali "Dear" na "Manager" vinakaa pamoja bila kosa, nako ni kwenye barua ya kuomba kazi: "Dear Hiring Manager". Mwambie mapema, maana ataikuta na atadhani ulimdanganya. Pale hakuna jina la mtu, ndo maana inakubalika.

Jambo lingine atakalolileta ni Engineer. Kwenye Kiingereza cha huku kwetu, Kenya na Tanzania, watu wanamuita mtu Engineer pamoja na jina lake na wanaandika Eng. kabisa kwenye barua. Usimwambie ni kosa, maana akienda kwenye mkutano na watu wa wizara atalisikia kila dakika. Mwambie ni desturi ya hapa, aitumie hapa, ila imeli inayokwenda London au Toronto aandike Mr au Ms.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usimlazimishe kumuita bosi wa kizungu kwa jina la kwanza siku ya kwanza. Ni kweli ofisi nyingi za Uingereza na Marekani zinafanya hivyo, lakini kwa aliyelelewa kumuita mkubwa kwa cheo inamkwaza vibaya sana, na Mr Smith haijamkosea mtu yeyote. Atabadilika mwenyewe akiambiwa "call me John". Ya pili, usimfundishe kana kwamba Wáng jīnglǐ ni ushamba. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe, kwa Kichina, hiyo ndo sahihi na aendelee nayo. Na wewe ukiwa saiti kwao ukamwita bosi wao "Fang" kavu, jina la kwanza tupu, utaonekana umekosa malezi.

Umefanikiwa kama ukimpa kadi ya biashara asiyoijua anaweza kukwambia hapo hapo, bila kufikiri sana, ataanzaje imeli na atamtajaje huyo mtu kwa mtu mwingine.

## Hatua ya 3: "a", "the", na patupu

Usifungue kitabu cha sarufi. Kanuni za "a" na "the" ziko nyingi na zitamzamisha, wewe unahitaji tatu tu, na chati ya vyeo inazionyesha zenyewe.

Mwambie atafute kwenye chati kisanduku chake. Vipo vingapi vyenye cheo kama chake? Kama viko vingi, ni "a": "I'm a manager at a construction company." Kama ni kimoja tu mahali mnapopazungumzia, ni "the": "I'm the manager of this shop." Na kama sentensi inasema mtu kupewa cheo ambacho ni cha mtu mmoja, inaweza kukaa patupu: "She was appointed manager in 2022", au "As manager of the site, he signs the reports."

Hiyo ya tatu ifundishe mwisho, zile mbili zikiwa zimeshakaa. Ukiianza mapema atapata kisingizio cha kuacha "a" kila mahali.

Hapo hapo weka vihusishi vyake: manager of a department, manager at a company, manager for East Africa. Na "sales manager" ina s, wakati "project manager" haina hata kama anasimamia miradi kumi. Kichina hakina wingi wa namna hiyo kwa hiyo asielezwe sana, ayakariri kama yalivyo.

Herufi kubwa: kwenye kadi na kwenye sahihi ni Project Manager, ndani ya sentensi ya kawaida ni project manager.

Umefanikiwa kama anakuonyesha kisanduku chochote kwenye chati na kusema sentensi yenye "a" au "the" ya sawa bila wewe kumtega.

## Hatua ya 4: Ondoa "my leader"

Hii ni fupi. Kazini kwao mkubwa wako ni lǐngdǎo, na kamusi inampa "leader". Akisema "my leader" Mwingereza anapata picha ya kiongozi wa chama au wa nchi. Mpe maneno mawili ya kubadilishia: "my manager" kwa maandishi na kwa mgeni, "my boss" kwa maongezi. Kisha mpe kitenzi kinachomaliza kazi: "I report to the project manager", yaani huyo ndo mkubwa wangu, haina maana kwamba leo nimempelekea ripoti. Afanye sentensi kama kumi, inatosha.

## Hatua ya 5: Jīnglǐ ambazo si "manager" unayomfikiria

Sasa rudi kwenye kadi za biashara, na hapa mwanafunzi atafurahi maana ni mambo ya kazini kwake.

Kèhù jīnglǐ, 客户经理. Neno kwa neno ni meneja wa wateja, kwahiyo kadi nyingi zinaandika "customer manager". Kiingereza kinasema account manager, na kama ni benki mara nyingi relationship manager. Huyo mara nyingi hana mtu hata mmoja chini yake, anasimamia wateja tu. Na mchungie s: accounts manager ni mtu wa mahesabu, account manager ni mtu wa wateja. Herufi moja na mteja anampigia mtu wa mahesabu kulalamika mzigo umechelewa.

Chǎngzhǎng na diànzhǎng. Hapa hamna neno jīnglǐ ndani yake ila Kiingereza ni manager: factory manager na shop manager, Wamarekani wanasema store manager. Wanafunzi wengi wanajitafsiri "head of factory" au "shop master".

Zǒngjīnglǐ, 总经理, ni general manager. Sasa angalia hapa kwa makini: kwenye Sheria ya Kampuni ya China neno jīnglǐ lenyewe, bila zǒng, ni yule mkuu anayeteuliwa na bodi kuendesha shughuli za kampuni nzima. Kwahiyo ukikuta jīnglǐ kwenye hati za usajili wa kampuni usikimbilie kuandika manager wa kawaida, huyo ni general manager. Jīnglǐ wa kwenye mazungumzo ya ofisini anaweza kuwa mkuu wa kitengo chenye watu wawili.

Wáng zǒng. Hii ni namna ya kuita tu, na anaitwa hivyo mkurugenzi, naibu wake, na mara nyingine mwenye kampuni. Kanuni mpe hii: asitafsiri cheo kutoka kwenye namna watu wanavyomwita mtu, asome kadi au aulize.

Afu kuna upande wa pili, "manager" za Kiingereza ambazo Kichina hakiziiti jīnglǐ. Kwenye mpira wa Uingereza manager ndo kocha mkuu, Alex Ferguson alikuwa manager wa Manchester United kuanzia 1986 hadi 2013, na Wachina wanamuita zhǔjiàoliàn, kocha mkuu. Meneja wa msanii kwao ni jīngjìrén. Mifano hii miwili itumie, mpira unakaa kichwani haraka kuliko chati yoyote, na inamwonyesha kwamba "manager" ni mtu anayebeba dhamana ya kitu kiende, iwe ni watu, wateja, timu au mwanamuziki.

Umefanikiwa kama kadi tano zikigeuzwa upande wa Kichina anasema cheo cha Kiingereza cha sawa kwa nne, na ile ya tano anauliza badala ya kubuni.

## Hatua ya 6: Naibu na msaidizi

Fù, 副, inamaanisha naibu. Kamusi inampa "vice" naye anaandika "vice manager", "vice general manager". Kiingereza kinaiweka vice kwa president, chairman, chancellor. Kwa manager ni deputy: deputy manager, deputy general manager.

Kuna msala mwingine unaohusu masikio. Kwa Kichina, adabu ni kumuita naibu bila kutaja unaibu, kwahiyo naibu meneja Wang anaitwa Wáng jīnglǐ kama meneja kamili. Upande mwingine Fù ni jina la ukoo pia, 傅, linatamkwa sawasawa na 副. Ukisikia mtu anasema "Fù jīnglǐ" anaweza kuwa ni meneja anayeitwa Fu au naibu meneja, na kwa sikio huwezi kutofautisha. Kama unatafsiri kwenye kikao, uliza jina na cheo kabla watu hawajakaa.

Zhùlǐ, msaidizi, ndo panakosewa zaidi. Assistant manager ni meneja mdogo, ana mamlaka. Assistant to the manager ni mtu anayemsaidia meneja kazi zake za ofisi. Kampuni ikimuandika vibaya kwenye sahihi, mteja atamletea maamuzi asiyoruhusiwa kuyatoa, au atamdharau mtu mwenye saini. Mwambie aangalie kwenye chati: ana watu chini yake? Kama ndiyo, assistant manager.

## Hatua ya 7: Matamshi na herufi

Hapa jiangalie wewe kwanza. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema me-NE-ja, na mwalimu asipojichunga anambebesha mwanafunzi mkazo huo. Kiingereza kinakaza ya kwanza: MA-ni-ja, kisha sauti inashuka. Mchina naye ana shida yake, kwao kila silabi ina toni na uzito wake kwahiyo anazitamka zote tatu sawa. Apige meza kidole kwenye silabi ya kwanza tu, arudie mpaka nyingine mbili zififie. Rekodi, asikilize mwenyewe.

Kwenye kuandika kuna tatizo moja: manger. Ni neno halali la Kiingereza, maana yake hori la kulishia ng'ombe, ndo maana kompyuta haipigi mstari mwekundu. "General Manger" imeshachapwa kwenye kadi nyingi kweli. Mwambie ahesabu herufi saba kabla kadi haijaenda kuchapwa.

## Hatua ya 8: Mtihani, kisha wiki moja baadaye

Mpe zile kazi tatu za hatua ya 1, maneno yale yale. Rekodi. Kisha mchezeshee rekodi ya zamani na mpya mfululizo, mpe ile karatasi na kalamu, akate mwenyewe makosa yaliyoondoka. Usimkatie wewe.

Baada ya wiki mtumie voisi ya WeChat bila taarifa: "Who's your manager, and what do you do there?" Ajibu kwa voisi, asiandike, maana akiandika atapitisha kwenye programu ya kutafsiri.

Kama "Manager Wang" imerudi, rudi kwenye vikadi vya rangi, dakika kumi tu, na tumia majina ya watu aliowaandikia wiki hiyo. Kama ni "I am manager" ndo imerudi, usirudie kanuni, mwekee chati kwenye ukuta wa meza yake na kila mkianza kipindi aseme sentensi mbili za visanduku viwili. Hiyo ya "a" ndo huchelewa kuliko zote, hata kwa wanaoongea vizuri. Na kama anaandika sawa ila akiongea haraka anakosea, mwache aongee, msahihishe mwisho wa maongezi, kosa moja kwa siku.